Dada Alicheka, Basi Ikapita

Watu waliwaita Sufuria na Kifuniko, kwa pumzi moja, kama vile ni mtu mmoja. Sufuria ndiye yule mama mnene mwenye sauti ya kumwita mtoto aliye mtaa wa pili. Kifuniko ndiye mwembamba aliyekaa kushoto kwake, mdomo haukauki. Hawakuwa mke na mume, ingawa kila aliyewaona jukwaani aliapa kwamba wamelala kitanda kimoja na wameamka wamegombana. Sufuria alikuwa na mume wake, fundi bomba, mtu mkimya kweli. "Mume wangu akisema neno," Sufuria alizoea kusema, "tunaliwekea tarehe." Na Kifuniko alikuwa na mke wake, binti zake wawili, na dada yake mkubwa, ambaye ndiye habari yenyewe.

Walipochoka kuigiza walevi na walimu wakuu, walianzisha kipindi. Kila Jumamosi mchana, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kituo cha redio, walikaa juu ya viti viwili virefu, maikrofoni mbili, birika la chai katikati, wakazungumza ya nyumbani kwao. Hakuna kuvaa wigi, hakuna kubana sauti. "Hapa hatutungi," Sufuria alifungua hivyo kila mara, "hapa tunasengenya." Ukumbi ukaitikia, na maneno yakaenda moja kwa moja hewani, kwenye saluni, kwenye maduka, jikoni kwa watu.

Wasikilizaji walimjua mume wa Sufuria kuliko majirani zake walivyomjua. Walijua kwamba anapiga soksi pasi. Walijua pia kwamba Kifuniko hawezi kutunga kitu mpaka awe anamenya, na kwamba ukiona familia yake inakula viazi mfululizo, ujue kipindi kimekaribia na kichwa ni kitupu. Mke wake aliwahi kusimamishwa sokoni na mama asiyemjua. "Shemeji, leo tena viazi?" Alijibu ndiyo, akacheka, akaondoka haraka.

Lakini walikuwa na sheria yao, na waliishika. Mtu wa nyumbani anayetajwa lazima aisikie hadithi kwanza yeye, mezani kwake, kabla ya ukumbi. Waliiita kuonjesha. Mwenyewe akicheka, imepita. Akinuna, inatupwa, hata iwe tamu namna gani. Fundi bomba alinuna kwa ile ya kukoroma, ikatupwa. Sufuria aliiomboleza wiki nzima.

Basi Alhamisi moja Kifuniko alionjesha mezani kwake ile ya gauni.

Dada yake alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea, mama yao alipofariki, na wakati Kifuniko anaoa, yeye alikuwa ameshawashonea harusi wasichana wote aliocheza nao kamba, kisha wadogo zao, na sasa alikuwa amefika kwa binti zao. Yeye mwenyewe hakuna aliyemshonea. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango unatazama barabara, na kuanzia asubuhi kilijaa wanawake: huyu anapimwa, huyu anangoja, huyu hana shida yoyote ila kujua nani kaachwa. Nyumba ilikuwa inanguruma.

Wiki ile Kifuniko alirudi nyumbani mapema, akapitia mlango wa nyuma, akasikia Dada anaongea. Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa haujafungwa vizuri. Akachungulia. Dada alikuwa amesimama mbele ya kioo ndani ya gauni la bibi harusi wa watu, jeupe, lenye lesi mikononi, futi kamba bado inaning'inia shingoni.

"Karibuni, karibuni," alikuwa anaiambia cherehani. "Msikae nyuma jamani, mbele kuna nafasi."

Halafu akageukia suti ya mteja mwingine, ya kijivu, iliyotundikwa mlangoni ikisubiri vifungo, akaivuta mkono. "Na wewe salimia wageni. Usinitie aibu siku ya leo."

Hivyo ndivyo alivyoisimulia mezani, kwa sauti ya Dada yenyewe, na kwa mkono wa suti alitumia mkono wa sweta ya binti yake. Mabinti waliangua kicheko. Dada alimtazama kidogo, kisha akacheka. Alicheka akapiga meza, akacheka akashika ubavu, akajifuta macho kwa pindo la nguo, akasema, "Huyu mtoto huyu," akacheka tena. Mke wa Kifuniko hakucheka. Aliinuka akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado hawajamaliza.

"Imepita?" Kifuniko aliuliza.

"Si umeona nacheka," alisema Dada.

Jumamosi ukumbi nusura ubomoke. Kifuniko hakuwahi kupata kicheko cha namna ile tangu aanze kazi. Kilikuja kwa mawimbi, kikitulia mtu mmoja nyuma anakianzisha upya. Sufuria naye akachochea kuni, maana ndiyo kazi yake. "Na suti ikajibu nini?" Kifuniko akainamisha kichwa kama suti. "Ikasema subiri kwanza nipate vifungo." Mhudumu wa mitambo alionekana nyuma ya kioo ameweka kichwa juu ya meza.

Walipotoka, kwenye kijia cha nyuma wanapoegesha baiskeli, Sufuria alikuwa anafuta jasho shingoni.

"Ulimwonjesha?"

"Alicheka mpaka akalia."

Sufuria akaacha kufuta. Alikuwa anaifahamu ile familia tangu wote wanavaa sare za shule. "Alicheka vipi?"

"Mama, kicheko ni kicheko."

"Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?" alisema. "Siku tunamzika mama yenu, nani alicheka mpaka akashikwa mikono na kuondolewa? Alipovunja mguu pale ngazini, tulijuaje kwamba umevunjika? Si kwa sababu alicheka?"

Kifuniko aliinama akafungua kufuli la baiskeli. Maskini. Huyu ni mtu anayeweza kufumba macho jukwaani akakuambia kila kicheko kimetoka wapi: hiki cha adabu, hiki cha mtu aliyekuja na bosi wake, hiki cha aliyechelewa kuelewa, hiki cha aliyeguswa penyewe na hataki aliye pembeni ajue. Analishwa na masikio. Na cha Dada alikisikia. Mezani pale, kabla hajauliza kama imepita, alikisikia na alikijua, kisha akaendelea kama mtu aliyepita mlango ulioandikwa usiingie. Ilikuwa Alhamisi, ameshamenya ndoo nzima ya viazi, na hakuwa na kitu kingine.

Alirudi nyumbani akiwa amebeba mkate na maziwa ambayo hakuna aliyemtuma. Kabla hajagusa mlango alisikia mkewe na mabinti wanaongea wote kwa pamoja, na Dada anawakatiza. Alipoingia, wakanyamaza. Mke wake akasema mawingu yamekuwa mazito. Binti mkubwa akasema kweli, huenda ikanyesha. Dirishani jua lilikuwa linawaka.

Hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limeanza siku nyingi, taratibu, naye alijifanya haoni. Wakati mmoja alijua mambo yote ya nyumba hiyo kabla hayajaiva. Siku hizi hali ya hewa ndiyo waliyomwachia.

Jumatatu mama wa yule bibi harusi mwenye gauni alikuja. Kifuniko hakuwepo, na Dada hakumwambia. Aliyemwambia ni mkewe, jioni, wakiwa wanakunja nguo, na alimwambia bila kumtazama.

"Alikuja amefura. Wifi yuko kwenye cherehani, chumba kimejaa. Akasimama pale katikati akasema, 'Fundi, ni gauni la mwanangu hilo ulilolivaa?'"

"Dada akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, 'Mama, mdogo wangu ni mchekeshaji. Anatunga.' Yule mama akamwambia, 'Redioni wamesema hawatungi.' Wateja wote wanatega masikio. Wifi akasema, 'Kazi yake ni uongo, mama. Uongo unamlisha.'" Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Sasa yule mama amesema gauni halichukui. Jumamosi anakuja ukumbini kwenu, anataka asikie kwa mdomo wako. Harusi ni Jumapili. Kama ni kweli lilivaliwa, mwanawe ataazima la mtu mwingine, na mji mzima utajua kwa nini. Nani atampelekea wifi gauni tena?"

Kifuniko alikaa kitandani juu ya nguo zilizokwisha kunjwa.

"Mbona hukunizuia, siku ile mezani?"

"Nilikusanya sahani," alisema mkewe. "Wewe ulitaka nifanye nini, nikukatie umeme?"

Wiki ile chumba cha mbele kilipungua watu. Aliyekuja alikuja kuchukua chake, akasimama mlangoni, akasema yuko haraka. Dada alishona kama kawaida. Gauni jeupe lilikuwa limetundikwa juu ya shuka safi, limefunikwa na shuka lingine, na kioo alikigeuza kikatazama ukuta. Kifuniko alikuwa akipita pale mara nyingi kuliko alivyohitaji. Mara moja aliingia, akasimama.

"Dada."

"Nipitishie uzi huo mweupe."

Akampa uzi.

"Dada, mimi…"

"Utasema ulitunga," alisema Dada, sindano iko mdomoni. "Ndiyo hivyo tu. Mimi nimeshasema. Usinifanye mwongo." Na akacheka kidogo, kile kicheko, na Kifuniko akatoka kabla hakijaisha.

Ijumaa alimfuata Sufuria kwake. Alimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapara samaki, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Alimweleza yote.

"Sawa, sema ulitunga," alisema Sufuria, kisha kisu kikasimama. "Ngoja. Ukisema ya Jumamosi ile ilikuwa uongo, ya Jumamosi zote itakuwa nini? Nani ataniamini mimi na soksi zangu? Kile kipindi ni chetu wawili, ndugu yangu. Hatuna suti nyingine ya kuvaa."

"Najua."

"Hujui. Wewe kazi yako kuleta. Mimi ndiye ninayesimama pale mwanzo na kuapa kwamba hatutungi." Alimgeuza samaki upande wa pili, akampara kwa nguvu, kisha taratibu. Mume wake, fundi bomba, alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake zilizonyooka. Sufuria alimtazama, akamrudia Kifuniko. "Sasa na mimi si nilicheka? Namjua Dada kuliko ninavyomjua huyu, na nilikaa pale nikauliza suti imejibu nini." Akatupa samaki kwenye beseni. "Sema. Tutakula tulichopika."

"Chumvi ipo," fundi bomba alisema, akaingia ndani.

Jumamosi mama wa bibi harusi alikuwa mstari wa mbele, mkoba magotini, kitambaa kichwani kimefungwa kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Sufuria alifungua kipindi. Alipofika kwenye "Hapa hatutungi" sauti ilipungua nguvu, lakini ukumbi uliitikia kwa furaha ileile. Kifuniko hakusubiri chai imiminwe.

"Jamani, ya wiki iliyopita," alisema. "Ya dada yangu na gauni. Nilidanganya."

Ukumbi ukacheka.

"Nasema kweli. Haikutokea. Dada hajawahi kuvaa nguo ya mteja, wala hatavaa. Niliitunga."

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Dada kakufinya, sema ukweli," na watu wakapiga makofi. Kifuniko aliapa, wakacheka. Aliomba, wakacheka. Kila alichogusa kiligeuka kicheko, na alijua kwamba kwa siku nyingine yoyote angeshukuru. Mama wa bibi harusi pekee ndiye hakucheka; alikuwa ameanza kufunga mkoba wake.

Sufuria akamsogelea, akafunika maikrofoni yake kwa kiganja. "Wape kitu," alisema chini chini. "Hawa huwapi uongo mtupu wakaushika. Kwa nini ulitunga? Waambie kwa nini."

Akaondoa kiganja, akauliza kwa sauti ya kipindi, "Haya, Kifuniko. Mtu ana dada wa kweli, wa nyama, yuko nyumbani. Kwa nini umtungie?"

Kifuniko aliangalia viatu vyake.

"Kwa sababu sikuwa na kitu," alisema. "Nyumbani kwangu hawaniambii kitu siku hizi. Nikiingia sebuleni wanaongea habari za mvua. Binti yangu mkubwa ana rafiki mpya, nilimsikia anamtaja kwa mama yake. Nilipofungua mlango akasema leo kuna upepo. Mke wangu akilia sijui analilia nini. Namsikia chooni amefungulia bomba." Watu wachache walianza kucheka, wakaacha. "Siwalaumu. Kila walichonipa nilikileta hapa. Mkakipenda, nikarudi kutaka kingine. Sasa wamefunga. Alhamisi ile nilimenya viazi mpaka ndoo ikajaa, sikupata hata neno moja. Dada yangu alikuwa chumba cha pili anashona. Nikamvisha gauni."

Ukimya wa redio unatisha kuliko ukimya mwingine wote. Mhudumu wa mitambo alisimama nyuma ya kioo, mkono uko juu ya vitufe, hajui abonyeze kipi.

"Kwa hiyo gauni la watu liko safi," Sufuria alisema hatimaye.

"Liko safi. Limefunikwa shuka. Aliyechafua ni mimi, na huyo dada ndiye aliyenilea."

Mama wa bibi harusi akafungua mkoba, akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, na kishindo kile kikaenda hewani mpaka kwenye saluni zote. Hapo ndipo watu walipocheka tena, kidogo, kwa adabu. Saa iliyobaki waliimaliza kwa habari za fundi bomba. Haikuwa nzuri. Watu walikuwa wanaitazama kila sentensi kama noti wanayoinyanyua kwenye mwanga.

Kwenye kijia cha nyuma Sufuria aliuliza, "Hiyo ya sebuleni nayo umetunga?"

"Hiyo ndiyo kweli."

Sufuria alikuwa na jambo la kuchekesha la kusema, ilionekana usoni, lakini alilimeza. Akamshika bega, akamwachia, akaenda zake.

Kifuniko alipofika nyumbani, mama wa bibi harusi alikuwa ametangulia, na mashangazi wa kutosha kujaza chumba. Kelele zilirudi. "Fundi, mikono yako na ibarikiwe." "Fundi, na langu hili utaniangalizia kiunoni." "Huyo mdogo wako, pole sana, mama, nyumba zote zina mtu wa namna hiyo." Kifuniko alikaa nje kwenye ngazi kama mgeni, akasubiri mpaka wametoka na gauni, wamelishika wanne kama mgonjwa, hakuna aliyemsalimia ila shangazi mmoja aliyesema, "Ndiye huyo?"

Ndani, Dada alikuwa anafagia vipande vya lesi. Redio ndogo ya dirishani ilikuwa imezimwa. Kioo bado kimegeukia ukuta.

"Wamelichukua," alisema Dada. "Wameniachia na vitambaa vingine viwili. Ahsante."

"Usinishukuru, Dada."

"Nisikushukuru kwa nini? Umefanya nilivyokwambia." Alifagia pembeni mwa miguu ya mdogo wake. "Imeshakuwa uongo. Haikutokea. Mji mzima umesikia."

Kifuniko alichukua ufagio mkononi mwake, Dada akamwachia, na kwa kuwa hakujua afanye nini na ule ufagio, akabaki ameushika.

"Siku ile," alisema Dada, "ulisimama pale mlangoni muda mrefu?"

"Kidogo."

"Uliniona vizuri."

"Nilikuona."

Dada alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaanza kuokota pini kwenye meza, akizichomeka moja moja kwenye mto wake. Hakuwa anacheka. "Lilinikaa?"

Kifuniko alimtazama. Aliliona tena lilivyoshuka mabegani, lilivyoshika kiuno kama limezaliwa pale, na shingo ya dada yake ilivyokuwa imenyooka, shingo ya mtu asiyemfahamu. Pale mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na kwa muda haikuwa kwa sababu ya kicheko.

"Lilikukaa, Dada. Litamkaa yule kesho, lakini si hivyo."

"Mbona hilo hukulisema? Siku ile mezani, wala ukumbini. Ulisema suti, ukasema vifungo."

"Halikuwa linachekesha."

Dada alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama fundi anayemsikiliza fundi mwingine akieleza kwa nini alikata pale alipokata. Alimaliza pini zake zote.

"Basi usije ukalisema popote," alisema. "Hilo niachie mimi."